Kadi ya Harusi Isiyotaja Njia

Kila mwaka mfungo wa Ramadhani unapokwisha na Mfunguo Mosi kuingia, Pangani hugeuka mji wa kadi za harusi. Kadi hufika ofisini, hufika shuleni, na siku hizi hufika kwa simu ya mkononi kabla hata mwalikwa hajamaliza kunywa chai ya asubuhi. Nyingi humwita mtu Mwera, Boza, Bweni au Tanga mjini, na kwa hizo hakuna la kusema ila kuwatakia maarusi heri. Lakini zipo nyingine ambazo mwaliko wake ni wa ng'ambo: Mombasa, Unguja, Pemba, na mara moja moja Maskati. Kadi ya namna hiyo humweleza mgeni rangi ya nguo atakayovaa, saa ya kufungwa nikaha, ukumbi wa karamu, na namba ya simu ya kupelekea mchango. Jambo moja tu haisemi. Haisemi mgeni huyo atafikaje huko, wala atarudije akiwa hai, akiwa na heshima yake na akiwa bado na kazi yake.

Wapo watakaosema kwamba hilo ni dogo, na kwamba mtu mzima hafundishwi kusafiri. Wanakosea. Mwaliko si karatasi ya mapambo. Mwaliko ni ahadi. Anayemwita mwenzake avuke bahari au mpaka kwa ajili ya furaha yake amejitwika dhamana ya njia ya mwenzake huyo. Kumwita mtu ng'ambo na kumwachia njia aitafute mwenyewe gizani si ukarimu wa Kipwani. Ni ufahari unaolipiwa na wageni.

Tazama jinsi kamati za harusi zinavyoundwa. Huwa na mwenyekiti, katibu na mweka hazina. Huwa na wajumbe wa mapambo, wajumbe wa chakula, wajumbe wa muziki, hata mjumbe wa kusimamia wapiga picha. Vikao hukaa wiki baada ya wiki kubishana juu ya rangi ya vitambaa vya meza. Mjumbe wa safari hayupo. Fedha za sare zipo, fedha za keki zipo, lakini nauli ya shangazi mzaa chema, ambaye ndiye aliyemlea bibi harusi, huachwa kuwa shauri lake mwenyewe. Na shauri likiwa la mtu mwenye kipato kidogo, huishia kwenye njia iliyo rahisi zaidi, ambayo mara nyingi ndiyo iliyo mbaya zaidi.

NG'AMBO YA MAJI

Neno ng'ambo lina maana mbili katika pwani hii, na kila moja ina hatari zake. Kuna ng'ambo ya maji na kuna ng'ambo ya mpaka. Unguja na Pemba si nchi ya nje kwa Mtanzania. Ni ng'ambo ya maji tu. Kutoka mdomo wa mto Pangani hadi Nungwi ni mwendo wa karibu kilometa 50. Ukisimama ufukweni Ushongo siku ya anga jeupe, huoni kwa nini safari hiyo iwe na uzito wowote.

Lakini kwa mwananchi wa kawaida njia iliyo salama ni ndefu. Humbidi apande basi hadi Dar es Salaam na kuchukua meli huko, au aende Tanga na kutafuta chombo cha Pemba siku kinapokuwapo. Ni siku nzima au mbili, na ni fedha. Ndipo hutokea mtu akanong'ona kwamba kipo chombo kinaondoka usiku huu, kwamba nahodha ni mtu wa kwao, na kwamba alfajiri watakuwa Mkokotoni. Wageni wa harusi, wakiwa na masanduku ya nguo na watoto mikononi, hushuka kwenye bandari bubu na kupandishwa juu ya magunia ya mahindi. Maboya hayatoshi, au hayapo kabisa. Taa haiwashwi, kwa sababu nahodha hataki kuonekana. Na lililo baya kuliko yote, orodha ya abiria haiandikwi.

Bahari hii haina haja ya kutishiwa watu kwa hadithi za uongo. Za kweli zinatosha. Usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba 1911 haukumbukwi na mtu aliye hai, lakini usiku wa tarehe kama hiyo mwaka 2011 hautasahauliwa. Wakati huo watu walikuwa wakirejea makwao baada ya sikukuu ya Idi, na meli ya Spice Islander ilizama karibu na Nungwi ikielekea Pemba. Iliruhusiwa kuchukua watu 600 na ushei. Tume ya uchunguzi ilikuta kwamba waliokuwamo walizidi 2,000. Miezi kumi baadaye, tarehe 18 Julai 2012, kusi ikiwa imeshika, meli ya Skagit iliyotoka Dar es Salaam ikazama karibu na kisiwa cha Chumbe. Na Januari 2017 chombo kilichotoka Tanga kwenda Pemba kilizama karibu na kisiwa cha Jambe, na watu 12 wakapoteza maisha. Meli mbili za kwanza zilikuwa na leseni, na zilitoka bandari rasmi. Ikiwa hayo yaliwezekana hapo, mtu mwenye akili atarajie nini kwa jahazi lililojaa, linaloondoka kwa siri saa nane za usiku?

Maana ya orodha ya abiria haifahamiki mpaka siku ya msiba. Chombo chenye orodha kikizama, kila jina hutafutwa, na kila jina lisilopatikana huwa na mwenyewe wa kulidai. Chombo kisicho na orodha kikizama, hakuna ajuaye nani alikuwamo. Mwalimu aliyeomba ruhusa ya siku tatu kwenda harusini huhesabiwa kuwa mtoro kazini. Mjane wake hana cheti cha kifo, kwa hiyo hana mirathi. Watoto wake hungoja kwa miaka kuthibitisha jambo ambalo mtaa mzima unalijua. Hiyo ndiyo bei ya usafiri wa rahisi, na hailipwi na nahodha wala na kamati ya harusi.

Watetezi wa bandari bubu wana hoja yao, nayo yafaa ijibiwe. Husema kwamba wazee wa Pangani walivuka kwa majahazi tangu enzi na enzi, walioa na kuozesha Unguja, na hawakuhitaji karatasi ya mtu yeyote. Ni kweli walivuka. Lakini nahodha wa zamani alitawaliwa na anga. Aliangalia mawingu asubuhi, akasikiliza pepo, na akiona kusi imechafuka alifunga chombo chake mtoni na kungoja siku tatu, siku saba, hata zaidi. Harusi nayo ilimngoja. Haikuanza mpaka chombo kimeonekana na wageni wamepokewa kwa vigelegele. Mgeni wa leo hatawaliwi na anga. Anatawaliwa na saa iliyochapwa kwenye kadi. Ukumbi umekodiwa kwa saa sita, wapiga muziki wana shughuli nyingine kesho yake, na nikaha ni saa kumi kamili. Basi chombo hung'oa nanga hata bahari ikikataa. Anayewataja wazee ili kutetea haraka ya leo hawafuati wazee, anawasingizia.

Hoja ya pili ina uzito zaidi. Watalii wa Ushongo huvushwa hadi Nungwi kwa boti za injini zenye maboya, kwa nauli inayotajwa kwa dola, lakini mkulima wa Kipumbwi na karani wa Pangani hawana chombo cha abiria cha bei wanayoiweza. Hilo ni kweli, na si jambo la kufichwa. Serikali imechukua hatua za kurasimisha baadhi ya bandari bubu, na iliamua kujenga daraja la mita 525 juu ya mto Pangani katika barabara ya kutoka Tanga hadi Bagamoyo, ili watu wa ng'ambo ya mto wasiendelee kutegemea kivuko. Hatua hiyo ya nchi kavu inadai mwenzake wa majini. Viongozi wa wilaya na mkoa, pamoja na TASAC yenye wajibu wa kukagua vyombo, hawana budi kulishughulikia suala la chombo cha abiria chenye leseni kwa ajili ya wananchi wa pwani hii. Lakini upungufu wa huduma haugeuzi kifo kuwa haki. Mpaka chombo hicho kipatikane, njia ya kwenda Unguja ni ile ndefu, na harusi ipangwe kwa kuizingatia.

NG'AMBO YA MPAKA

Safari ya Mombasa ina sura nyingine. Hapa hatari si mawimbi. Ni kasumba ya kudhani kwamba undugu unafuta sheria. Wadigo na Wasegeju wako pande zote mbili. Familia moja ina babu aliyezikwa Moa na bibi aliyezikwa Vanga. Mstari uliopita kati ya makaburi hayo ulichorwa na Waingereza na Wajerumani mwaka 1886, na hakuna mzee wa pwani aliyeulizwa. Kwa hiyo mwenye harusi wa Mombasa humwambia mjomba wake wa Pangani kwa moyo safi kabisa: njoo tu, mjomba, mpakani hapana neno.

Neno lipo. Watu wa makamo wanakumbuka kwamba Februari 1977, Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipokuwa ikivunjika, Tanzania iliufunga mpaka wake na Kenya, na haukufunguliwa mpaka Novemba 1983. Kwa karibu miaka saba watu waliozana bila ndugu zao kuhudhuria, na wengine walizikwa bila kuagwa. Njia iliyo wazi leo ilirudishwa kwa kazi ya mazungumzo: Mkataba wa Jumuiya mpya uliotiwa saini mwaka 1999, na Itifaki ya Soko la Pamoja iliyoanza kutumika Julai 2010. Anayepita njia ya panya kwenda harusini, ilhali mlango rasmi uko wazi, anaudharau uhuru uliopatikana kwa shida.

Na mlango huo si mgumu kwa aliyejitayarisha. Kutoka Tanga hadi Horohoro ni kilometa 65 za lami. Shughuli za Horohoro na Lunga Lunga hufanywa katika utaratibu wa kituo cha pamoja. Mwananchi wa Jumuiya halipi viza. Lakini Mtanzania hapiti kwa kitambulisho cha taifa peke yake, kwa sababu utaratibu wa kusafiria kitambulisho ni wa Kenya, Uganda na Rwanda. Anatakiwa awe na pasipoti au hati ya dharura ya kusafiria, ambayo hutolewa na Uhamiaji kwa gharama iliyo ndogo sana ukilinganisha na pasipoti. Mtoto naye anahitaji hati yake, wala hasafiri kwa jina la mama. Kadi ya chanjo ya homa ya manjano ibebwe, kwani atokaye Kenya huweza kudaiwa anapoingia tena Tanzania. Fedha ibadilishwe benki au dukani penye leseni, si kwa vijana wanaokimbilia madirisha ya mabasi na mabunda ya noti mkononi. Kutoka Lunga Lunga hadi Mombasa mgeni hupita Likoni kwa feri au hushika barabara ya Dongo Kundu. Atakayemngoja huko ajulikane kwa jina na kwa namba kabla safari haijaanza.

Lipo na jambo la mizigo, ambalo huonewa haya kulitaja. Mirungi nchini Kenya ni zao la biashara linalouzwa hadharani. Nchini Tanzania ni dawa ya kulevya iliyopigwa marufuku na sheria. Kijana aliyezoea kuona mirungi ikitafunwa na mabwana wa arusi Mombasa usiku kucha hudhani kitita kimoja cha kumpelekea rafiki si kitu. Mpakani huwa kitu, tena kitu cha mahakamani. Na kwa wale waalikwa wachache wa Maskati, kanuni ni moja isiyo na msamaha: asibebe mtu mzigo wa mwenzake ambao hakuufunga kwa mikono yake, hata kama aliyemwomba ni jirani wa mlango kwa mlango. Aibu ya kukataa hupita siku moja. Kifungo cha ugenini hakipiti kwa siku moja.

MTUMISHI NA KALENDA YAKE

Wasafiri wengi wa harusi hizi ni watumishi wa umma na walimu, kwa sababu hao ndio wanaodhaniwa kuwa na mshahara usiokatika. Kwao mambo ni matatu. La kwanza ni ruhusa. Mtumishi haondoki nchini bila mwajiri wake kujua na kuridhia, hata akiwa likizoni. Na anayekwenda Mombasa akiwa ameaga kwamba anauguliwa Muheza ameanza safari kwa uongo. La pili ni darasa. Harusi iliyopangwa katikati ya muhula huwaacha wanafunzi wakitazama ubao mtupu kwa wiki nzima ili mwalimu wao apigwe picha akiwa kwenye sare. Wenye harusi wanaijua kalenda ya shule, waitumie.

La tatu ndilo linaloumiza zaidi, nalo ni deni. Mchango, sare, zawadi, nauli na malazi ya ng'ambo, vyote kwa pamoja, huzidi uwezo wa mshahara mmoja. Ndipo mwalimu huingia kwa wakopeshaji wa mitaani, ile mikopo ambayo wananchi wenyewe wameipa jina linaloistahili: kausha damu. Kadi ya benki hubaki mikononi mwa mkopeshaji, na mshahara wa miezi kadhaa huondoka kabla haujaguswa. Bwana arusi na bibi arusi wamekwisha maliza fungate, na mgeni wao bado analipia ngoma ya usiku mmoja. Jamii inayokubali jambo hili na kuliita furaha imepotoka.

MFANO WA WAGENI

Iko kejeli moja ambayo yafaa watu wa Pangani waitafakari. Wageni wa Ulaya nao huja kuoana katika fukwe za pwani hii na za Unguja. Mgeni wao huandikiwa miezi mingi mapema: viza gani aombe, chanjo gani apate, dawa gani ya malaria ameze, boti gani apande na nani atampokea. Na tangu tarehe 1 Oktoba 2024 mgeni yeyote wa kutoka nje anayeingia Zanzibar hutakiwa kulipia bima ya dola 44, ili akiugua au akipata ajali asiwe mzigo wa mtu. Kwa hiyo usiku mmoja, katika bahari moja, mgeni aliyetoka maelfu ya kilometa anavuka akiwa na tiketi, boya na bima. Naye mwenye nchi anavuka karibu yake bila hata jina lake kuandikwa kwenye kipande cha karatasi.

Wapenda makuu wa mjini wameiona harusi hiyo ya mzungu ufukweni, na wameiga. Lakini wameiga nini? Wameiga maua, wameiga jukwaa la mchangani, wameiga kuwatoa watu makwao kwenda kushangilia mbali. Utaratibu wa kumlinda mgeni hawakuuiga. Wameokota ganda, na tunda wameliacha. Kama kuna la kujifunza kwa wageni hao ni mpango wao, si ufahari wao.

LA KUFANYA

Dini na mila havimlazimishi mtu kufanya hivi. Nikaha yahitaji walii, bwana arusi na mashahidi wawili. Mila ya pwani ilijua tangu zamani kwamba wanaokwenda ng'ambo kuposa, kuoa na kuchukua mwari ni wajumbe: wazee wachache, somo, na ndugu wa karibu. Waliobaki walimngoja bibi arusi nyumbani, akapokewa, pilau likapikwa, na furaha ikawa ya mtaa mzima. Desturi hiyo ilikuwa na busara ya watu wanaoijua bahari. Haikuwahatarisha arobaini pale ambapo wanane walitosha.

Basi kamati yoyote ya harusi inayoalika ng'ambo iwe na mjumbe wa safari kabla ya kuwa na mjumbe wa mapambo. Kadi itaje njia, hati zinazotakiwa, siku ya kuondoka na mtu wa kupokea wageni. Itolewe angalau miezi miwili mapema, ili asiye na hati apate muda wa kuiomba. Fedha za mchango zianze kwa nauli za wazee na wasio na uwezo, kisha ndipo zifike kwenye keki. Orodha ya wageni wote iachwe nyumbani kwa mtu mmoja na ofisini kwa mwenyekiti wa mtaa. Kati ya siku wageni wanayotarajiwa kufika na siku ya nikaha iwekwe nafasi, ili bahari ikichafuka pasiwe na mtu wa kumsukuma nahodha. Na wageni wachache waende. Wengi wangoje karamu ya nyumbani.

Watumishi na walimu ndio wajumbe na makatibu wa kamati hizi. Ndio wanaoandika kadi hizo kwa mkono wao na kuzisambaza kwa simu zao. Hawawezi kusema kwamba jambo hili linawahusu wengine. Kawia ufike, walisema wazee, nao waliisema wakiwa wamekaa ukingoni mwa mto huu huu wakiitazama bahari. Kadi ya ng'ambo isiyotaja njia irudishwe kwa mwenyewe, kwa adabu na kwa maneno mazuri, mpaka njia iandikwe.